Nenda na gunia lako: kununua mashine za shamba ukiwa mkulima wa Kigumba

Mnunuzi wa mahindi akifika Kigumba, hapa kwetu Uganda, siku hizi hatazami gunia juu juu. Anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, katikati, anamimina punje kiganjani, anazipuliza, kisha anazigeuza kwa kidole akitafuta zilizopasuka. Ukali huu ulizidi Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache, lakini masharti yalibaki: mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Sumu hiyo huioni kwa macho. Punje iliyopasuka unaiona, na kila mfanyabiashara anajua kuwa ukungu huingilia hapo.

Punje nyingi hazipasukii shambani. Hupasuliwa na mashine ya kupukuchua. Ndiyo maana sisi tunaopukuchua mahindi ya watu kwa malipo tunabeba mzigo mzito kuliko unavyoonekana. Nikimpasulia jirani mahindi yake, bei inashuka mbele ya macho yake, na pesa aliyoipangia ada ya watoto inapungua palepale.

Mashine ya kupukuchua ndiyo kazi yangu ya msimu, na kwa sababu hiyo kikundi chetu cha akina mama hunituma mimi kila kinapotaka kununua kitu chenye injini. Kigumba ni mji wa watu wengi. Kuna Wanyoro wenyewe, Wamaragoli ambao wazee wao walitoka Kenya kuanzia miaka ya 1950, Waacholi, Waalur, Walugbara, na jirani pale Bweyale wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo. Penye mashine sote tunapigiana kelele kwa Kiswahili. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni maswali ambayo nimeulizwa mara nyingi kwa lugha hii hii, huku mkanda ukizunguka.

Ninachowaambia kwanza ni hiki: ukienda kununua mashine, beba kazi yako uende nayo. Mimi nikienda Katwe, kwa mafundi wa vyuma wa Kampala, napakia kwenye basi gunia la mabunzi yangu mwenyewe, yaani mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. Humo naweka yaliyokauka vizuri, na kwenye mfuko mwingine naweka yenye unyevu kidogo, kama yale ambayo watu huniletea Agosti mvua ikiwa bado inanyesha. Fundi yeyote ana mahindi yake ya kuonyeshea. Ni makavu kabisa na mabunzi yake yamelingana, na mahindi ya namna hiyo hupukuchuka kwenye mashine yoyote.

"Mama, hii tumeshaijaribu, haina shida," ataniambia.

"Nakuamini, fundi. Sasa tuijaribu kwa mahindi yangu."

Fundi mzuri hakasiriki ukimwambia hivyo. Wa Katwe ninayemwendea sasa hufurahi, kwa sababu ananiona ninajua ninachotafuta, na mara nyingine huchukua spana palepale akarekebisha nafasi kati ya ngoma, lile pipa la meno linalozunguka ndani, na chekeche.

Mahindi yakishapita, usitazame rundo la punje peke yake. Nenda upande yanakotokea magunzi, uokote machache uyageuze. Yakiwa na punje zilizong'ang'ania kwenye ncha, ngoma haigusi vizuri. Kisha piga magoti mbele ya feni. Chukua pumba na makapi yaliyorushwa huko uyapepete kwa mkono. Feni yenye nguvu kupita kiasi hutupa mahindi yako mazima pamoja na pumba, na mteja mwenye macho atawaona kuku wakila nyuma ya mashine kabla wewe hujaona. Mwisho rudi kwenye rundo, chota konzi, hesabu punje 100 juu ya kipande cha turubai, utenge zilizovunjika. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya daraja la kwanza kinataka zilizovunjika zisizidi 2 kwa 100 kwa uzito, daraja la pili 4, la tatu 6. Mimi sina mizani ya maabara, nahesabu tu, na hesabu hiyo inatosha kunionyesha kama mashine inapasua mbili au inapasua kumi na mbili.

Ikipasua nyingi, usiikatae mara moja. Uliza puli, lile gurudumu linalobeba mkanda. Injini ya petroli ya kawaida huzunguka hadi mara 3,600 kwa dakika. Ukiwa na puli ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 12 kwenye ngoma, ngoma inazunguka mara 900. Badilisha ile ya ngoma iwe ya inchi 15, inashuka hadi 720, na meno hayapigi punje kwa hasira ile. Hesabu yake ni rahisi: mwendo wa injini zidisha kwa upana wa puli yake, gawanya kwa upana wa puli ya mashine. Nimewaona wauzaji wakifunga puli yoyote iliyo karibu ili mashine ionekane ina kasi. Kasi inapendeza dukani, halafu hasara inakuja kwenye bambo la mnunuzi.

Sasa injini. Hapa ndipo watu wengi wanapotoa pesa wakiangalia kibandiko. Kibandiko kinasema hosipawa (nguvu za farasi) 6.5, jirani yake kinasema 7.5, na injini ni zile zile. Mimi nasoma namba iliyopigwa kwenye chuma. Injini nyingi ndogo za petroli zilizoko kwetu zimeundwa kwa kuiga Honda GX160, ambayo ina ujazo wa cc 163. Nyingi ya hizo za kuiga zimeandikwa 168F. Namba hiyo inasomeka: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na F ni kwamba inapozwa kwa hewa. Honda GX160 nayo kipenyo chake ni milimita 68, ndiyo maana ringi, plagi, kabureta na kamba ya kuwashia vinaingiliana na vinapatikana hadi kwenye kibanda cha spea cha kijijini. Kwa dizeli ni vilevile. S195, ile yenye tangi la maji juu na gurudumu zito pembeni, ni silinda moja ya milimita 95, na nguvu yake ni hosipawa 12 kwa mizunguko 2,000. R175 ni ya milimita 75. Ukishajua kusoma hivyo, kibandiko hakikusumbui tena.

Hata Honda wenyewe walishabadilisha namna ya kutaja nguvu: ile GX160 iliyokuwa ikiuzwa kama ya hosipawa 5.5 sasa inatajwa kuwa 4.8, kwa kipimo kipya. Injini ni ile ile. Kisha kuna kimo cha ardhi. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Kigumba tuko karibu mita 1,000, kwa hiyo zaidi ya sehemu kumi katika mia imeshaondoka kabla hujamwaga bunzi la kwanza. Ndugu zetu wa Kabale, karibu mita 2,000, wanapoteza zaidi ya sehemu ya tano. Nikinunua, nachukua injini iliyozidi kidogo ile ambayo fundi anasema inatosha, na siishindilii mahindi.

Kuna jambo dogo linalokula pesa za watu ambalo sijamsikia muuzaji yeyote akilitaja, nalo ni unene wa shafti, kile chuma cha injini kinachovalishwa puli. Injini hizi za kuiga huja kwa saizi mbili: nyingine shafti yake ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, nyingine ni milimita 20 kamili. Ukizitazama kwa macho hazina tofauti. Puli ya 20 ukiivalisha kwenye shafti ya 19.05 inaingia kwa urahisi, na ndiyo hatari yake, kwa sababu inacheza. Fundi wa njiani atakunja kipande cha bati la kopo akakichomeka kuzuia mchezo. Siku hiyo itafanya kazi. Baada ya muda ufunguo, kile kipande cha chuma kinachoishikisha puli kwenye shafti, unakatika, puli inakula shafti, na sasa huhitaji puli tu, unahitaji krankshafti, yaani shafti yote ya injini. Nilimwona kijana mmoja hapa akivua puli ya namna hiyo: kibati kilikuwa kimesagika kuwa unga mweusi, na mfereji wa ufunguo umepanuka kama mdomo wa chupa iliyovunjika. Ndiyo sababu kwenye mkoba wangu wa safari kuna kipimo cha venia, kile cha kupimia unene wa chuma kwa milimita. Napima shafti mbele ya muuzaji, napima na tundu la puli, ndipo tunaongea bei.

Petroli au dizeli? Watu wananiuliza kama vile kuna jibu moja. S195 ni injini ya kudumu, inavumilia kazi ya kutwa, na inakunywa kidogo kwa kazi inayotoa. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na kuihamisha kutoka boma moja hadi jingine kunataka kitoroli au vijana wanne. Halafu inawashwa kwa mpini. Anayeuza atakuwashia mwenyewe, kifua mbele, mara moja. Mwambie asimame kando, umwite atakayeiwasha kule nyumbani, awe ni wewe, mwanao au kijana wa kazi. Mpini ukirudi nyuma unavunja mkono. Mimi hufundisha kila anayeshika mashine yetu kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, na kitasa cha kupunguza mgandamizo kishikwe kwa mkono wa kushoto hadi gurudumu lipate mwendo. Katika kikundi chetu wenye mashine ni akina mama, na wengine ni watu wazima. Tuliamua petroli kwa ajili hiyo. Mwanamke asiyeweza kuwasha mashine yake mwenyewe atakaa akimsubiri mtu, na mteja atakwenda kwa mwingine.

Kabla hata ya safari ya Kampala, mimi huanza na fundi wa hapa hapa. Namkuta kibandani kwake, namsalimu, namuuliza: "Mzee, kwenye hilo sanduku lako una kabureta ya injini gani? Una ringi za ipi?" Injini atakayoitaja ndiyo ninayoitafuta. Kuna watu waliorudi na mashine za kupendeza kutoka nchi ambazo spea zake hazijawahi kufika barabara ya Gulu. Kampala ni karibu kilomita 200 kutoka kwetu. Dhamana ya mwaka mzima aliyokupa muuzaji ni nzuri, lakini mavuno ya msimu wa kwanza hayasubiri. Mabunzi yamerundikwa uani, mawingu yanajikusanya, na mashine ikilala siku tatu kwa kusubiri kifaa kidogo, wateja wote wa mtaa ule wamekwenda. Kwa hiyo dhamana yangu ya kwanza ni sanduku la mzee yule.

Risiti nayo usiidharau. Tangu 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda inawataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya VAT watoe risiti ya mfumo wa EFRIS, yenye alama ya mraba ya kusomwa kwa simu. Mwombe muuzaji aandike humo aina ya injini na namba iliyopigwa kwenye chuma. Mashine ikiibwa, au ikirudi dukani kwa dhamana, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ni yako.

Pampu za maji zina wimbo wao. Jirani anayelima nyanya kuelekea bonde la Kafu alinunua pampu nzuri ya inchi 2, kwenye boksi imeandikwa mita 30. Akaiweka juu ya kisima chake kirefu, ikanguruma, tone halikuja. Zile mita 30 ni za kusukuma kwenda juu. Kunyonya ni habari nyingine kabisa: pampu ya juu ya ardhi inategemea uzito wa hewa kuyainua maji, na hata pampu iwe bora vipi, usawa wa bahari hewa haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 na kidogo. Kwenye kimo chetu hiyo inashuka hadi kama mita 9, na ukiondoa msuguano wa mpira na viungo vinavyovuja hewa, mimi simwahidi mtu zaidi ya mita 6 au 7. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe hadi kwenye maji mwezi wa Februari kisima kikiwa kimekauka zaidi, piga fundo penye usawa wa ardhi, uende na kamba hiyo dukani. Kama kutoka jiwe hadi fundo ni zaidi ya mita hizo, hiyo si kazi ya pampu ya kunyonya, utahitaji ya kuzamisha. Jirani aliachana na kisima, akachimba kijukwaa pembezoni mwa mto, akaishusha pampu karibu na maji, na sasa nyanya zake zinanywa.

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Nitasema wazi: usinunue yenye mdomo mfupi, hata ukipewa kwa nusu bei. Nyoosha mkono wako wote ndani ya mdomo wa kulishia mashine ikiwa imezimwa. Vidole vikigusa visu, iache pale pale. Mdomo lazima uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, kwa sababu matete yakikwama mtu husukuma bila kufikiri, na visu haviulizi. Nimekaa na mama wa kijana aliyepoteza vidole hivyo, na hakuna maneno ya kumwambia. Mikanda nayo iwe na kinga ya bati au wavu. Sisi tunavaa kitenge na leso, na ncha ya leso ikishikwa na mkanda huna muda wa kuita. Fundi akisema kinga inauzwa kando, mwambie aifunge kabla hujahesabu pesa.

Msumeno wa mnyororo sitauongelea sana, maana hapa wenye kazi hiyo wana mafundi wao. Ila kama utanunua wa kusafishia shamba, soma kitabu chake kuhusu mchanganyiko. Ule unaotaka 50 kwa 1 unahitaji mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, wa 25 kwa 1 unahitaji 40. Watu huchanganya kwa kukisia na kifuniko cha chupa, na pistoni inakwaruzika.

Na pesa inatoka wapi? Mkopo wa Parish Development Model, ule mpango wa serikali wa kuzikopesha kaya, shilingi milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6, unamsaidia mtu kwa mbegu na kuku, lakini kwa mashine nzima na injini yake nauona mdogo. Mfuko wa mikopo ya kilimo wa Benki Kuu ya Uganda, ule wa ACF ulioanza 2009, riba yake haizidi asilimia 12 kwa mwaka, lakini unapitia kwenye mabenki, na benki itauliza dhamana. Kikundi chetu kilichanga kwa mzunguko. Kilichotusaidia zaidi ni kuitenganisha injini na mwili wa mashine. Mashine ya kupukuchua inafanya kazi kwa wiki chache mara mbili kwa mwaka. Injini ikifungwa kwa boliti nne, msimu ukiisha tunaifungua, tunaipeleka kwenye mashine ya majani, na wakati wa kiangazi inazungusha pampu ya mkanda. Hesabu ya faida nayo ifanyeni hivi: ukisema utalipwa shilingi 3,000 kwa gunia, toa petroli, toa mshahara wa vijana wawili, toa mkanda na oili, kisha jiulize ni magunia mangapi mtaa wako unaweza kukuletea kabla mvua hazijawakimbiza. Kama injini ina kazi moja tu, jibu mara nyingi linasikitisha.

Ikishafika nyumbani, oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi, kama kitabu cha GX160 kinavyosema, kisha kila baada ya saa 100. Imwage ikiwa ya moto, kwenye beseni jeupe, juani. Utaona vumbi la kung'aa linaelea ndani yake. Hicho ni chuma kipya kilichokuwa kinajilainisha. Injini hizi zinabeba takriban nusu lita na kidogo. Ni oili ya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Kampala, lakini ndiyo watu wanayoiruka.

Mwaka huu akina mama wanataka mashine ya kukaushia mahindi, kwa sababu kupukuchua vizuri hakutoshi kama unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, na turubai haikaushi mahindi Agosti. Maonyesho ya kilimo ya Jinja kwa kawaida huwa Julai, wakati mabunzi yetu ya kwanza bado ni mabichi, na hilo linatufaa sana. Tumekubaliana waende wawili, na mzigo umeshapangwa: gunia moja la mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa kwa mkono, na kipima unyevu tulichoazima kwa mnunuzi. Watapima kabla, watapima baada, na wataandika mashine imekunywa lita ngapi. Anayeuza akikataa mahindi yetu yasiingie kwenye mashine yake, wahamie banda linalofuata.